Mguu wa Anderea, Jina la Yohana

Mwanangu Manweli,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Uko hapo uani, umekalia kinu kilichopinduliwa, unafunga na kufungua mfuko ule ule kwa mara ya tatu, na mama yako anazidi kukuletea vitu ambavyo havitaingia. Mimi niko ndani, mlango nimeurudisha, naandika kwenye karatasi za daftari langu la vipimo vya nguo. Jua limeshazama nyuma ya mlima wetu, lakini ng'ambo ya ziwa, upande wa Usumbura, bado wana mchana, kwa hiyo mwanga unanitosha.

Sitakufundisha namna ya kufua wala namna ya kukaa na watu. Mama yako amekwisha kukuambia yote, na mengine ameyarudia mpaka ukacheka. Nakuandikia juu ya kile kitabu cha kazi.

Nimekiona. Asubuhi nilikuwa natafuta mkasi wangu, nikasogeza mfuko wako, kikaanguka. Kitabu cha kaka yako Filipo, niliyemzaa mimi. Jina lake, alama ya dole gumba lake, muhuri wa daktari unaosema kifua chake ni kizima. Nikaelewa mpango wenu bila kuuliza mtu. Filipo amepata mkataba kwenye karakana ya huko Albertville, lakini mke wake yu karibu kujifungua na hataki tena kwenda. Wewe unataka kwenda, lakini karani amekuambia karatasi zako zitatoka baada ya mavuno ya pamba, na meli haingojei mavuno. Basi kesho pale bandarini Kalundu, watakapoita Filipo, utaitika wewe.

Sikukichukua. Nimekirudisha mahali pake, na barua hii nitaiingiza ndani yake, ili usiweze kukifungua mbele ya mtu bila kuikuta kwanza. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Lakini mdomo wangu umeusema uongo mmoja kwa miaka tisa, umeuzoea, na najua kesho asubuhi ungeusema tena. Mkono wangu haujawahi kuuandika.

Baba yako Anderea hakuanguka kutoka kwenye mchikichi.

Nimeandika maneno hayo kisha nikatoka nje kunywa maji. Umenitazama, ukaniuliza kama naumwa. Nimekujibu ni joto.

Unajua kwamba Anderea alikuwa kaka yangu mkubwa, na kwamba alipokufa wazee wa ukoo walikaa wakaniambia niichukue nyumba yake, mama yako na ninyi watoto, kama desturi yetu inavyotaka. Kwa hiyo unaniita baba, nami naitika. Usilolijua ni kwamba kabla ya hapo, yeye aliitika jina langu kwa karibu miaka miwili.

Wakati ule kiwanda cha kuchambua pamba, kule bondeni kwenye njia ya Katogota, kilikuwa kinaajiri. Tulikwenda pamoja, yeye na mimi, tumevaa mashati yetu ya kanisani. Daktari alinipima mimi, nikapita. Akasikiliza kifua cha Anderea, akatikisa kichwa. Kile kikohozi chake unakikumbuka. Mimi nikaandikiwa kitabu cha kazi, yeye akaambiwa arudi nyumbani. Na yeye ndiye aliyeitaka kazi ile. Wewe ulikuwa umeanza shule ya misheni huko mlimani, na alikuwa ameapa kwamba utamaliza.

Mimi sikuitaka. Kulikuwa na mwenye duka mmoja aliyekuwa amenionyesha cherehani iliyokaa bure barazani kwake, akaniambia mahali ni pangu nikitaka. Tulikuwa bado njiani kurudi Kavimvira nilipomwambia kaka yangu, nikimwita kwa ukubwa wake, "Yaya, kamata hii kitabu. Kitabu ni yangu, mugongo ni yako." Akacheka, akakitia mfukoni. Ilichukua muda mfupi kuliko kununua samaki.

Usidhani tuliona tunaiba. Kwetu watoto wa mama mmoja ni mtu mmoja. Kaka akiugua unalima shamba lake, ukikosa wewe mbuzi anatoa yeye, akifa unalea wanawe. Kitabu tulikiona kama jembe, analichukua ndugu aliye karibu na shamba. Wala hatukuwa peke yetu. Kwenye zamu yake kulikuwa na watu watatu walioitika majina ya ndugu zao, na kapita wao, msimamizi wa zamu, mtu aliyeitwa Lukasi, aliwajua wote. Alikuwa anapelekewa pombe ya ndizi mara kwa mara, naye anaangalia pengine.

Baba yako alikuwa mtu wa mzaha, hilo hujalisahau. Jioni alikuwa anapita barazani kwangu, pamba imemjaa nyweleni, anasimama mbele ya cherehani ananiambia, "Yohana, leo umefanya kazi sana. Kapita amekusifu. Kapumzike." Au, "Yohana, leo umetukana muntu, kesho umuombe musamaha." Ananishika mikono, anaigeuza, anasema ni mikono ya bibi harusi. Nilikuwa nacheka kuliko wote. Nilikuwa na kazi mbili kwa jina moja, na jasho lote lilikuwa la mtu mwingine.

Siku ile nilikuwa napinda suruali ya mwalimu. Mtu mmoja wa kiwandani akaja na baiskeli, jasho linamchuruzika, akauliza watu wa barazani, "Kwa Yohana ni wapi? Yohana amevunjika muguu. Robota imemwangukia." Watu wakacheka. "Yohana njo huyu," wakamwambia, "iko anashona." Mimi sikucheka. Mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga cherehani, na sindano ikaendelea mbele mpaka ikapita mwisho wa nguo.

Walikuwa wanapandisha marobota kwenye lori. Pamba ikishashindiliwa na mashine si ile pamba unayoijua ya shambani, robota moja ni zito kama ng'ombe. Ubao ukateleza, robota likashuka, na baba yako alikuwa chini yake. Nilipofika nilimkuta nyuma ya ghala, amelazwa juu ya magunia kivulini. Zahanati ya kiwanda, firmie kama walivyoiita, ilikuwa pale pale ng'ambo ya uwanja, uliweza kuuona msalaba mwekundu ukutani. Hakuna aliyempeleka. Lukasi alikuwa amesimama kati yake na zahanati.

"Yohana, sikiliza," akaniambia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kumfikia mwenyewe mahali pale. "Kama anaingia kwa firmie, batafungua kitabu. Bataangalia alama. Imeandikwa kovu juu ya jicho. Weye uko na kovu, yeye hana. Minye batanifukuza. Weye batakufunga. Umupeleke nyumbani."

"Na ile sheria?" nikamwuliza.

Maana tulikuwa tumeisikia. Mwaka ule ule mtu wa Katogota alikatwa vidole viwili na mashine. Tajiri akaiandika ajali, daktari akaupima mkono, na yule mtu akawa anapata chakula na malipo wakati amelala nyumbani, na hata alipopona aliendelea kupewa kitu kwa ajili ya vile vidole. Alikuwa anauonyesha ule mkono kwenye pombe, anasema vidole vyake vinafanya kazi kuliko zamani. Sote tulijua sheria iko. Tulijua pia kwamba inataka useme upesi.

Lukasi akanijibu, "Sheria ni ya muntu mwenye kuitika jina yake."

Anderea alikuwa anasikia yote. Akanyanyua kichwa. "Munipeleke kwa firmie," akasema. "Yohana, muguu inauma. Tuseme tu kweli."

Alisema hivyo, Manweli. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba hakusema kitu, kwamba alikuwa amezimia. Alisema tuseme kweli, na alisema akinitazama mimi. Nami nikamjibu, "Yaya, batanifunga."

Hilo tu. Sikumwuliza maumivu yako vipi. Sikumshika mkono. Nilimwambia kitakachonipata mimi.

Watu husema mkubwa ni jalala. Nilikuwa nalisema neno hilo kama mtu mwingine yeyote, kwa mzaha, anapolipishwa mkubwa makosa ya wadogo. Siku ile nililiona. Baba yako alinitazama kidogo, akafumba macho, akasema, "Basi. Twende nyumbani." Tukamfunga mguu kwa mbao mbili, tukamkalisha kwenye baiskeli, mmoja huku, mmoja huku, tukamsukuma kutoka bondeni hadi Kavimvira. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Jioni ile nilipata akili, au nilichokiita akili. Nilikumbuka lile kovu. Nikachukua wembe wangu wa kukatia nyuzi, nikamwambia, "Yaya, nikukate kidogo juu ya jicho. Tukingoja kidonda kipone kitakuwa kovu, tutakwenda kwa daktari, weye utakuwa minye kabisa." Nilikuwa nimeshainama juu ya uso wake. Hakukasirika. Aliutazama wembe, akanitazama mimi, akaniuliza polepole, "Muguu haitoshi?"

Nikauweka wembe chini. Tangu siku ile nyuzi nazikata kwa mkasi, na sasa unajua kwa nini nautafuta namna ile kila unapopotea.

Mchikichi ulikuwa maneno yake yeye. "Tuseme nilianguka mu muchikichi," akasema. "Bantu banaanguka kila mwaka, nani atauliza?" Na huko kiwandani Lukasi akaliondoa jina kwenye orodha ya zamu. Aliandika kwamba Yohana amekimbia kazi. Na kweli, mwanangu, katika karatasi zote zilizokuwa pale, hiyo peke yake ilikuwa ya kweli.

Tulimleta fundi wa mifupa kutoka Mulenge. Alishuka na siagi ya ng'ombe na vijiti vyake, akamfunga kwa upole, nami sina neno baya juu ya mzee yule. Lakini alipomaliza kuupapasa mguu alinivuta nje akaniambia, "Hii haikuvunjika. Hii imesagwa. Umupeleke kwa bazungu, na upesi." Nilichukua siku nyingi kupata moyo. Tulipofika hospitali ya serikali, na hadithi yetu ya mchikichi mkononi, kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Muuguzi akakitazama, akauliza ni mchikichi gani unaoponda mtu namna hii. Walimsafisha, wakafanya walivyoweza, lakini ule mguu haukufunga tena. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tulificha kazi yenyewe, na kilio kilikuja taratibu, kwa miaka miwili.

Wewe ulishuka kutoka shuleni wakati wa likizo, una miaka kumi. Ukamkuta baba yako amelala, ukamwuliza mchikichi ni upi. Akakuonyesha ule wa jirani, karibu na mto. Ukaenda ukachukua panga, ukaanza kuukata ule mti, mtoto mdogo vile, unapiga, unapiga, panga linaruka, mpaka jirani akaja kulalamika na mikono yako ilikuwa imechubuka. Baba yako aliposikia alicheka, kisha akageukia ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kusema siku ile. Panga lilikuwa mkononi mwako na mwenye kustahili alikuwa hapo, nikakuambia tu, "Acha, mti hauna kosa."

Alikufa ukiwa na miaka kumi na miwili. Joto la mwili lilipanda siku tatu, siku ya nne likashuka pamoja naye. Siku za mwisho aliniita Yohana mara nyingi, na kila mara sikujua kama ananiita mimi au anajiita yeye.

Kuhusu shule yako, ulidhani ni mimi niliyechoka. Mkuu wa shule aliandika barua nzuri, kwamba una kichwa, kwamba wangekufanya mwalimu. Nilimjibu kwamba baba wa mtoto amekufa na mizigo yangu ni mingi. Ukarudi, ukaanza kubeba mizigo sokoni, hukunilaumu hata siku moja. Hapo ndipo nilipokwenda kwenye ofisi ya serikali pale Uvira. Sikwenda kwa ushujaa. Nilikwenda kwa sababu nilikuona umebeba gunia la muhogo, na ulikuwa unatembea kama yeye.

Karani alikuwa mweusi kama sisi, mtu mwenye miwani, Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga. Nilimwambia nimekuja kwa habari ya jirani yangu. Hata hapo, Manweli, nilisema jirani. Nikamweleza yote, kitabu, robota, kovu juu ya jicho, mtu wa kivulini nyuma ya ghala. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo jirani yako aliogopa bure. Kwa ile kitabu, pengine bangemufunga siku chache. Pengine bangemugombeza tu. Lakini mwenye kuvunjika ni ule mwenye kuvunjika. Robota haisome kitabu. Bangeandika jina yake ya kweli na bangemutunza. Na kama anakufa, bangetunza bibi na batoto."

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa imepita. Kapita iko wapi?"

Lukasi alikuwa amehamia mbali, hakuna aliyejua wapi. Na wale wa zamu niliowajua mimi walikuwa na majina ya uongo wao pia. Karani akafunga daftari lake. Akalitazama kovu langu, akatazama meza, akasema, "Pole kwa jirani."

Siku chache za kifungo. Hicho ndicho nilichokiogopa. Kwa siku chache za kifungo nilimnyima kaka yangu mguu wake, kisha uhai wake, na mama yako chakula cha mjane, na wewe shule. Nimejaribu kuliandika kwa namna nyingine, inayoniuma kidogo, sikuipata.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama yako anachagua maharagwe. Nikamwambia kila kitu, nimesimama, kofia mkononi. Hakuacha kuchagua. Akasema, "Najua. Aliniambia siku ya kwanza."

Nikamwuliza, "Na ukakubali niingie mu nyumba hii?"

"Alisema, Yohana ni mwoga, lakini hatakimbia batoto. Nilitaka nione kama ni kweli."

"Na umeona nini?"

"Uko hapa," akasema. "Nisogezee ule ungo."

Kuna methali wanayowafundisha watoto, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Haisemi kilio hicho huletwa na nani. Katika ukoo wetu mwoga nilikuwa mimi, na kilio kilikuja nyumba hii hii, kikakaa kwa yule aliyekuwa shujaa na kwa wanawe. Mimi nilibaki na kicheko kidogo barazani, na hicho nacho hakikudumu.

Sasa nikuambie kinachonitisha katika mpango wenu. Wala si uongo wa karatasi, maana huo kila mtu anao. Kinachonitisha ni kwamba mnapendana. Filipo amekupa kitabu chake kwa mapenzi, kama mimi nilivyotoa changu. Lakini Filipo ni damu yangu. Namjua. Ni mwema, anagawa shati lake, na akiona askari anabadilisha njia. Siku mashine ya huko Albertville itakapokamata mkono wako, atakayekuwa ameumia kwenye karatasi ni Filipo, na Filipo atakuwa huku, ameshika mtoto mchanga, na ataogopa. Atakutumia neno, "Kaka, batanifunga." Na wewe ni damu ya Anderea. Utafumba macho, utasema basi.

Hilo ndilo nililoliona kitabu kilipoanguka asubuhi. Sikuona kosa la vijana. Niliwaona ninyi wawili mmeshasimama nyuma ya lile ghala.

Sikukatazi. Una miaka kumi na tisa, na mimi sina uso wa kukataza. Ukitaka kwenda kesho kwa jina lake, nenda, nitakusindikiza mpaka Kalundu na nitakaa kimya. Ila siku utakapoumia, hata kama ni msumari tu kwenye kidole, sema hapo hapo, kwa sauti, kabla watu hawajatawanyika. Taja jina lako wewe. Usikubali kapita akupeleke kivulini, na usikubali mtu akubebe kwenda nyumbani, hata awe ndugu, hata awe analia. Mguu wako uonwe na daktari kabla ya kuonwa na mganga wa kwetu, na usitoke pale mpaka umeona kalamu inaandika. Wakimfunga Filipo, nitakwenda mimi kuwaambia wanifunge badala yake. Hiyo nitaifanya. Nimekuwa na muda mrefu wa kujiandaa.

Na ukitaka kungoja, mrudishie kitabu chake asubuhi. Atakasirika kidogo, kisha atashukuru bila kusema. Meli nyingine itakuja. Jumatatu nitafunga cherehani, tutakwenda wote wawili kwa karani, na nitasimama nawe kwenye mstari hata kama ni siku nzima, hata kama ni wiki nzima, mpaka upate kitabu chako chenye dole gumba lako.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili nakuomba ulifanye, ukienda au ukibaki. Ulipoomba zile karatasi mwezi uliopita, karani alikuuliza baba yako ni nani, ukataja mimi, kwa sababu ndivyo nilivyokufundisha tangu siku ya maziko. Rudi ukasahihishe. Sema Anderea. Atakuuliza yuko wapi, useme amekufa. Atakuuliza alikufa na nini, maana makarani huuliza. Umjibu kwamba ni ajali ya kazi, kwenye kiwanda cha pamba, aliangukiwa na robota. Hutapata kitu kwa kusema hivyo, muda umepita. Lakini karani ataandika, kwa wino, na jina la kaka yangu litakuwa hapo pembeni. Hakuna mtu aliyewahi kuliandika karibu na ajali ile.

Ni mimi,
baba yako mdogo, Yohana.